Elfu Mbili za Kuonyesha Nia

Hii ninayowasimulia hamtaiamini, na wala sitawalaumu. Mimi mwenyewe ningesimuliwa na mtu mwingine ningemwambia ameze mate kwanza, aanze upya. Nimeishi miaka mingi, nimeona mengi, mengine nimeyasababisha mwenyewe, lakini sijapata kuona deni lililokwisha kufa likafufuliwa kwa adabu. Ndiyo, kwa adabu. Si kwa uganga, si kwa wizi, si kwa ngumi. Kwa barua iliyoandikwa vizuri na noti mbili za elfu ndani ya bahasha ya kaki.

Aliyeiandika barua hiyo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Nimempita miaka tisa tu, tulicheza pamoja mchangani, lakini ujomba hauhesabu miaka, na mpaka leo akinipita bila kunisalimu namuuliza shule gani ilimfundisha. (Shule yangu mimi niliiacha kabla haijaniacha, lakini hilo si la kuandikwa hapa.) Mjini kwetu hakuna anayemwita jina lake. Wanamwita Dirisha.

Miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya dirisha namba tatu la malipo katika hospitali ya serikali. Kioo kizito, na chini yake tundu la nusu duara la kupitishia fedha na karatasi. Watu walimwona uso, lakini yeye, akiwa ameinamia daftari, aliwaona mikono. Aliijua mikono ya mji huu. Huu wa mwashi, una saruji kwenye kucha. Huu wa mwalimu, una chaki. Huu umevaa pete ya kuazima. Mimi husema alikuwa anaujua hata mkono unaodanganya. Yeye husema mikono haidanganyi, wanaodanganya ni wajomba.

Sasa shikeni hapa, maana hapa ndipo mzizi wa yote. Mtu akipona, bili inamngoja. Mlinzi wa getini hamfungulii mtu mpaka aone karatasi yenye mhuri. Na familia, mara nyingi, ilikuwa imekwisha kuuza kila cha kuuza. Basi Dirisha alikuwa akisogeza mdomo karibu na lile tundu na kusema kwa sauti ya chini, "Tanguliza chochote. Hata kidogo. Tanguliza tu." Mkono ukasukuma noti iliyokunjwa mara nne, pengine sarafu zenye joto la mfukoni. Yeye akaandika, akachukua mhuri wa bluu, akaugonga: ANALIPA. Geti likafunguliwa.

Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ilikuwa desturi ya dirisha namba tatu. Aliwahi kumwona mama mwenye sarafu sita akitoka na mtoto mgongoni, na siku hiyohiyo bwana mmoja mwenye tai, aliyegoma kutoa hata senti mpaka aelezwe kila kidonge, akakaa siku nne zaidi huku akitozwa kitanda. Kwa hiyo ndani ya kichwa cha Dirisha dunia iligawanyika sehemu mbili: anayelipa na asiyelipa. Anayelipa, hata kidogo, husikilizwa. Hilo alilijua kama anavyoijua njia ya kwenda jikoni kwake umeme ukiwa umekatika.

Kisha zikaja mashine, watu wakaanza kulipia kwa simu, dirisha namba tatu likapigiliwa ubao. Dirisha akapewa keki na saa ya ukutani, akaambiwa asante. Saa ilisimama mwezi wa pili. Keki ilisimama kwangu, sikumwachia hata kipande.

Kukaa nyumbani kulimshinda ndani ya wiki tatu. Akaenda kwa mwenye duka la fotokopi mkabala na hospitali, akaomba kona ya nyuma: benchi, meza yenye mguu mmoja mfupi, rula na kalamu nyekundu. Siku zake Jumanne na Alhamisi. Wazee wanaosumbuliwa na bili za matibabu walete karatasi zao, yeye azisome. Malipo hachukui. Mwenye duka anapata wateja wa kopi, na mimi napeleka vichekesho, maana benchi la wadaiwa bila vichekesho ni matanga.

Wiki ya kwanza walikuja wazee arobaini. (Akisoma hapa atasema walikuwa tisa.) Karatasi zao zilikuja kwenye mifuko ya mkate, kwenye maboksi ya viatu, na mmoja alizileta ndani ya foronya, na mto ukiwa bado umo. Dirisha alikuwa akizitandaza, anaweka rula chini ya mstari wa kwanza, anashuka. Mstari usio na maelezo anaupiga wekundu. Kuna mzee fundi bomba alikuja na bili ya henia. Dirisha akashuka na rula, akasimama, akavua miwani.

"Baba, hongera."

"Hongera ya nini?"

"Hapa wameandika siku mbili, chumba cha kujifungulia. Ni wa kike au wa kiume?"

Mzee alicheka mpaka mshono ukamkumbusha yeye ni nani. Ile mistari miwili ilifutwa kwa barua moja tu ya Dirisha. Barua zake bwana! Zinaanza na "Kwa heshima na taadhima", zinaishia na "Wako mtiifu", na katikati zinaomba msamaha hata kwa kuchukua muda wa msomaji. Alikuwa akisema karani ni mtu, na mtu hulainika ukimsalimu. Wazee wakaanza kuzitaka barua hizo hata wasiodaiwa. Mpwa wangu akawa anatembea shingo juu, nami nyuma yake shingo juu zaidi, kana kwamba nimemfundisha mimi.

Ndipo Alhamisi moja akaingia Bibi Mizani.

Huyu ni mama wa miaka sabini na tisa, mdogo wa umbo, mkubwa wa sauti. Miaka thelathini alipima watoto wachanga kliniki: anawatia kwenye ile suruali ya turubai, anawaning'iniza kwenye mizani, wanapiga mateke na kulia, yeye anasoma mshale na kutangaza kilo kama mnadani. Nusu ya watu mnaowaona barabarani, wenye matumbo na wenye vyeo, aliwahi kuwaning'iniza yeye. Alipostaafu walimpa ile mizani ya zamani. Akaifunga kwenye boriti ya chumba chake cha mbele, na akina mama wa mtaani wakaendelea kumpelekea watoto, kwa kuwa kliniki kuna foleni na kwa Bibi kuna maneno. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na kibaraza. Mumewe, fundi wa mapaa, aliijenga kwa mabati yaliyobaki kwenye paa za watu wengine, ndiyo maana kila bati lina rangi yake.

"Shikamoo, mama," Dirisha akasema na kumpisha kwenye benchi.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kopo langu." Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limejaa karatasi. Kabla hajalifungua simu ikalia kwenye kanga. "Huyo. Hii ni simu ya tano leo. Ya kwanza nilikuwa hata uso sijanawa."

"Usipokee."

"Nisipokee? Mtu anabisha hodi nijifanye sipo?" Akapokea. "Haloo, mwanangu. Umeamkaje?"

Sauti ya kijana ikasikika mpaka kwenye mashine ya fotokopi, laini kama ya mtu anayebembeleza mchumba. "Salama, mama yangu. Nimekukumbuka tu, kuhusu lile jambo letu."

"Umekula?"

"Bado, mama. Kazi."

"Nenda kale kwanza. Mimi sikimbii, magoti yenyewe haya."

Akakata simu, akamtazama Dirisha kana kwamba ndiye mwenye kosa. "Mtoto wa watu, saa nne hii hajala."

Kopo likafunguliwa na habari ikatoka. Mumewe aliugua mapafu, akalazwa siku arobaini na moja katika hospitali ya binafsi ya kule juu, ile yenye bustani. Alipofariki, ndugu, mafundi wenzake na majirani walichanga, Bibi akapeleka fedha zote, akarudi na viatu vya marehemu na imani kwamba yamekwisha. Lakini siku ya kumlaza alikuwa ametia sahihi mahali, nyuma ya fomu, kama mdhamini. Hospitali ikasema kuna salio. Ikatuma barua mbili, ikanyamaza, miaka ikapita. Kumbe lile salio waliliuza kwa kampuni ya kukusanya madeni, nayo ikapachika riba juu ya riba. Sasa jumla ilikuwa elfu mia mbili na sabini na nne. Pensheni ya Bibi ni elfu nne na mia tano kwa mwezi.

"Deni linauzwa?" Bibi akauliza. "Kama kuku?"

"Linauzwa, mama."

"Na huyo aliyelinunua, alilipima?"

Dirisha alianza vizuri, nisimwonee. Akaandika barua kuomba mchanganuo: kila dawa, kila siku ya kitanda, na hati ya kuonyesha deni lilinunuliwa lini. Wiki tatu hakuna jibu. Ila simu zikaongezeka. Wakampigia jirani. Wakampigia mtoto wake wa kiume aliye mji mwingine, mwenye watoto sita na kibarua cha kubahatisha, ambaye alimwambia mamake, "Uza hiyo nyumba uje ukae na sisi," kisha akaanza kuzungumzia mvua, kwa kuwa wote wawili walikijua kile chumba kimoja anachokaa na watoto wote. Wakapiga mpaka kliniki alikokuwa akifanya kazi. Siku iliyofuata mama mmoja kijana, mtoto wake akiwa bado ananing'inia kwenye mizani, akauliza, "Bibi, ni kweli nyumba hii inapigwa mnada?" Bibi akasahau kusoma mshale. Hilo, kwa miaka yote, halikuwahi kutokea.

Jumanne akarudi kwenye benchi, kanga imekaa upande. "Yule kijana kaniambia nitoe hata kidogo. Kuonyesha nia njema tu. Atazungumza na wakubwa wake."

Na hapo, enyi ndugu zangu, ndipo ningetaka kuushika mkono wa mpwa wangu. Kwa sababu Dirisha hakumsikia kijana wa simu. Alijisikia yeye mwenyewe, miaka ishirini na sita, mdomo karibu na tundu. Aliliona geti. Aliuona mhuri wa bluu.

"Hilo ni kweli, mama," akasema. "Tanguliza chochote. Ukishaitwa anayelipa, hawakusumbui."

Wakatoa elfu mbili kwenye pensheni. Dirisha akaandika barua, na ilikuwa barua bora kuliko zote alizowahi kuandika. Niliisoma mimi, nikataka nidaiwe ili niandikiwe kama ile. *Kwa heshima na taadhima, naomba radhi kwa kuchelewa kulipa deni langu. Naomba uvumilivu wenu kwa sababu ya umri na kipato. Naambatanisha elfu mbili kuonyesha nia yangu njema ya kulimaliza.* Bibi aliomba isomwe mara mbili. Akapangusa macho, akatia sahihi ileile aliyokuwa akitia kwenye kadi za watoto.

Walikwenda wenyewe, wamevaa vizuri. Ofisi ya kampuni iko ghorofa ya pili juu ya duka la viatu, ngazi thelathini na nne. Msichana wa mapokezi akahesabu noti mbili, akaandika risiti, akagonga mhuri. Dirisha aliukagua ule mhuri kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake. Ulikuwa umekaa sawa. Akashuka ngazi akiwa mwepesi.

Simu zikanyamaza. Wiki moja, mbili, nne. Bibi Mizani akaanza tena kutangaza kilo. Siku moja akaniuliza, "Yule kijana haumwi kweli? Hajapiga hata kunijulia hali." Kwenye benchi Dirisha alimwambia kila mzee kuhusu kutanguliza. Siku ya thelathini na tatu akaja mtu mwenye pikipiki na bahasha ya mahakama.

Kuna wakili wa msaada wa kisheria ambaye hukaa Jumatano katika chumba kimoja cha halmashauri, chenye feni inayolia kama mlango. Ni dada kijana, siku hiyo ana mafua, meza imejaa mafaili mpaka anaongea akichungulia. Dirisha akampangia karatasi kwa tarehe, kama anavyopanga mwenyewe. Wakili akazipitia, akapenga kamasi, akarudia kuzipitia. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, mwaka kwa kidole.

"Kabla ya hii risiti," akasema, "mara ya mwisho mama kulipa au kuandika chochote ilikuwa lini?"

"Alipokwenda kumchukua marehemu," Dirisha akajibu. "Siku ileile alipeleka michango."

"Basi miaka sita ilikuwa imepita, na miezi miwili juu." Wakili akavua miwani. "Deni la namna hii likikaa miaka sita bila mdaiwa kulipa chochote wala kulikubali kwa maandishi, hawawezi tena kumpeleka mahakamani. Wangepiga simu mpaka wachoke, basi. Wao walijua. Ndiyo maana waliomba kidogo tu."

Feni ikalia. Dirisha akauliza, na alikwisha kujua, "Na akilipa kidogo?"

"Linaanza upya. Kama limezaliwa jana. Na hii barua..." Wakili akaigusa kwa ncha ya kidole. "Hii imekubali kila kitu. Nani aliwashauri?"

Dirisha akafungua mdomo. Bibi Mizani akawahi.

"Nilijishauri mwenyewe. Mtu mzima nakosa akili ya kujishauri?"

"Ni mimi," Dirisha akasema. "Barua ni yangu. Wazo ni langu."

"Usimsikilize huyu," Bibi akamwambia wakili. "Anapenda kujisifu, kamrithi mjomba wake."

Hakuna aliyecheka. Wakili alisema ataandika utetezi, kwamba mama alirubuniwa, kwamba hakupewa mchanganuo. Alisema atajitahidi, hakusema atashinda. Mpwa wangu alirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima, na nauli mkononi. Alipofika sarafu zilikuwa zimemchora kiganjani.

Siku ya shauri tulikaa kwenye benchi la ukumbini tangu saa mbili asubuhi. Saa tano wakaitwa. Jambo lote lilichukua dakika tisa, mbili za kwanza wakili wetu akisoma utetezi wake. Dirisha aliitazama saa ya ukutani, ile ilikuwa inatembea. Wakili wa kampuni, bwana nadhifu mwenye lafudhi ya redioni, hakutoa mashahidi wala hasira. Aliisoma tu ile barua. Aliisoma vizuri, akapumzika kwenye mikato, akapandisha sauti kwenye "nia yangu njema". Kila neno Dirisha alilolichagua kwa mapenzi likatoka kinywani mwa bwana yule na kumkalia Bibi begani.

"Ni barua nzuri," hakimu akasema, na alisema kwa dhati. "Mama, ni yako?"

"Niliandikiwa, mheshimiwa, ila nia ilikuwa yangu."

Dirisha akasimama. "Mheshimiwa, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia."

Karani akainua kichwa. "Wewe ni nani katika shauri hili?"

Mpwa wangu, ambaye mji mzima ulipitisha mikono mbele yake, akaushika mkoba wake kwa mikono miwili. "Mimi ni wa pale kwenye fotokopi," akasema. Akaambiwa akae. Akakaa.

Hakimu alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Mbaya ungejua pa kumshika. Alimgeukia Bibi. "Hapa sina ujanja, mama. Umelikubali deni, umeanza kulilipa." Akatazama tena barua. Kwa vile mdaiwa ameonyesha mwenyewe kwamba anaweza elfu mbili, atalipa elfu mbili kila mwezi. Akishindwa, nyumba itauzwa. Zimebaki elfu mia mbili na sabini na mbili. Karani akabonyeza kikokotoo: miezi mia moja thelathini na sita. Miaka kumi na moja na miezi minne.

"Mheshimiwa," Bibi akasema, "nina sabini na tisa. Hiyo karatasi inanidhamini kufika tisini?"

Watu wakacheka. Hakimu naye akatabasamu, akaandika, akaita shauri linalofuata.

Elfu nne na mia tano ukitoa mbili, hesabuni wenyewe, mimi hesabu ilinishinda zamani. Bibi alikataa kwenda kwa mwanawe. Akapangisha chumba cha mbele kwa bwana mmoja muuza vipuri, mwenye redio kubwa na matairi manne anayolala nayo ndani. Kodi ni elfu mbili. Inaingia asubuhi, inatoka mchana.

Dirisha ndiye aliyekuja kuihamisha mizani. Alipanda kwenye kigoda, akaifungua kwenye boriti, akaipeleka chumba cha nyuma na kuifunga juu ya kitanda, hapakuwa na mahali pengine. Lakini chumba cha nyuma paa limeinama. Mtoto wa kwanza aliyeletwa, mnene, miezi mitano, akatiwa kwenye suruali ya turubai na miguu yake ikagusa godoro. Akasimama. Mshale ukasoma nusu kilo.

"Inua kamba," Bibi akasema.

Dirisha akainua. Mizani ikagonga bati. Akaishusha, miguu ikagusa. Wakakisogeza kitanda mpaka ukutani, miguu ikagusa mto. Mtoto alikuwa anacheka, anafikiri ni mchezo. Mwishowe mamake akasema si neno, atampeleka kliniki, kesho hana kazi. Baada ya hapo walikuja wengine wawili, kisha hawakuja.

Mpwa wangu hakukubali kushindwa upesi. Alikwenda hospitali ile ya bustani kutafuta daftari la michango, labda walilipa zaidi ya ilivyoandikwa. Akaambiwa mafaili yamehamishiwa ghalani. Akaenda ghalani. Akaambiwa hapa ni mafaili ya idara ya maji. Akaandika barua, safari hii bila heshima wala taadhima, na haikujibiwa, kama tu ile yenye heshima ya kuomba mchanganuo. Siku moja akamletea Bibi elfu mbili zake mwenyewe ndani ya bahasha.

"Rudisha."

"Mama, niache nilipe hata huu mwezi."

"Ukinilipia nitakuwa na madeni mawili. La hawa naliweza, nawachukia. Lako nitalilipaje?"

Akairudisha bahasha mkobani. Kwenye benchi bado anakaa Jumanne na Alhamisi. Siku hizi kitu cha kwanza anachomuuliza mzee, hata kabla ya salamu kuisha, ni: "Umewapa chochote? Hata kidogo?" Na wazee wanakaa sawa, wanajibu kwa fahari, kwa sababu ni watu wa heshima na hawataki kuitwa wasiolipa. "Nimewapa, mwanangu. Nimetanguliza. Si wewe ulisema?" Yeye anaweka rula chini ya mstari wa kwanza na kushuka taratibu, na mimi vichekesho vyangu vinanikaukia mdomoni.

Kila tarehe tano anamsindikiza Bibi Mizani kupanda zile ngazi thelathini na nne. Wanapumzika kwenye ya kumi na mbili na kwenye ya ishirini na tano. Miezi minne imekwenda. Na haya ninayaandika hapahapa dukani, pembeni ya meza yake, yeye akipiga mistari yake myekundu kwenye bili ya mtu, kwa sababu hadithi ya namna hii siwezi kuiacha ikae hivyo, na kwa sababu mwezi huu wa nne, hamtaamini, nilikwenda nao mimi mwenyewe.

Nilisema yametosha. Nikazipanda zile ngazi mbilimbili. Nikaigonga meza ya mapokezi mpaka kalamu zikaruka. Meneja akatoka mbio, tai imemkalia begani. Nikamwambia, wewe, unamjua huyu mama? Huyu ndiye aliyekuning'iniza ukiwa na kilo tatu na robo, unalia! Bwana yule akamtazama Bibi Mizani, midomo ikaanza kumtetemeka, akapiga magoti palepale kwenye zulia, akaitoa hukumu kwenye faili, akainyanyua juu watu wote waione, na akaanza kuichana vipande vi—

"Mjomba." Amesimama nyuma ya bega langu, sijui tangu lini, kalamu nyekundu mkononi. "Hukuvuka ngazi ya kumi. Ulikaa hapo umeshika kiuno. Na meneja hatukumwona, walisema yuko mkutanoni. Tulilipa, tukapewa risiti, tukashuka. Andika hivyo."